Tairi Lililotangulia Ukweni

Jamani, mkasa huu nilikuwa nimepanga kwenda nao kaburini, ila wifi yangu Leticia ameanza kuusimulia kwenye jumuiya, na kila akiusimulia anauongezea chumvi (safari iliyopita alisema tairi liliua kuku wawili, wakati halikugusa hata unyoya), kwa hiyo nimeona bora niuseme mimi mwenyewe niliyeaibika, angalau aibu yangu ibaki na kipimo chake.

Mimi ni fundi cherehani. Banda langu liko Nyamagana, si mbali na soko, na nyumbani ni Igogo ninakoishi na mama. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, sijui niuite ugonjwa au kiburi, wa kuamini kwamba fundi ni fundi tu, yaani mtu anayeweza kukata suti ikamkaa bwana harusi mwenye kitambi hashindwi kufunga koki ya maji, hashindwi pasi, hashindwi chochote chenye skrubu. Niliwahi kufungua feni ya mama nikaifunga tena, ikawa inalia kama mbuzi anayedai maziwa, lakini hilo sikulihesabu.

Kwa cherehani hiyohiyo nikanunua kigari, kidogo, kimetumika, rangi yake ya bluu imechoka upande wa jua. Na kilikuwa na kazi maalumu, si ya kunipeleka kazini tu. Mama yetu aliingia kwa marehemu baba akiwa amekaa kwenye karia ya baiskeli, mvua inamnyeshea, kitenge kimejaa tope hadi magotini, na akisimulia huwa anacheka sana, lakini mimi tangu mtoto nikimsikiliza moyo unaniuma. Kwa hiyo siku nilipoleta gari nyumbani nilimwambia mdogo wangu Masanja mbele ya mama, wewe ukioa, mkeo ataingia humu kwa gari letu wenyewe, si la kuazima wala la kukodi, na dereva ni mimi. Mama alilipapasa gari kwenye boneti kisha akaenda kuangalia maharage yake. Nikajua amelipokea.

Basi Masanja akampata Leticia, binti wa mzee mmoja mfugaji huko ng'ambo, ukivuka Kigongo na Busisi, ukaipita Sengerema, ukaacha lami. Siku ya kwenda kupeleka posa ikapangwa, wazee wa kwenda wakachaguliwa. Mjomba Bundala ndiye msemaji, Shangazi Nyanzobe ndiye jicho la ukoo (jicho hilo halijawahi kupepesa), na mimi ndiye dereva. Masanja mwenyewe abaki nyumbani, maana kwetu mwoaji hajipeleki.

Siku chache kabla ya safari gari likaanza kutetemeka. Nikiwa barabara ya Usagara, nikifika mwendo wa themanini, usukani unanichezea mikononi, nikipunguza unatulia. Nikampelekea Fundi Idi, jirani yetu hapo Igogo, ambaye kwa kujisifu hana mpinzani mtaa mzima, ila gari analijua, tumpe haki yake. Akalizunguka mara moja, akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Dada Kabula, gari linaongea. Wewe sikiliza linaongelea wapi. Likitetemeka mikononi, ugonjwa uko mbele. Likitetemeka makalioni, ugonjwa uko nyuma. Likitetemeka kwenye mwendo fulani tu halafu linatulia, hapo tairi halijabalansi, uzito wake umelalia upande mmoja. Ila likitetemeka hata ukienda mwendo wa kupeleka jeneza, simama, shuka, shika tairi kwa mikono yako. Kuna kitu kimelegea."

"Na kujua kama ni tairi lenyewe?"

"Unahamisha. Ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. Mtetemo ukitoka mikononi ukahamia makalioni, umemkamata mchawi. Niachie gari, nitakupa kesho kutwa jioni, mashine ya kubalansi ina foleni."

Kesho kutwa asubuhi ndiyo safari yenyewe! Nikamwambia haya, asante, nitalileta tukirudi, nikaondoka na gari langu na elimu yangu. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa, kwamba kuhamisha matairi si ni kufungua nati na kufunga nati, mimi ninayefungua mshono wa suti nzima na kuurudishia bila kuacha alama, nati zitanishinda? Nitahamisha mwenyewe, tena asubuhi ileile kabla ya safari, halafu njiani nitamsikilizia mchawi amehamia wapi, nikirudi nimwambie Idi ugonjwa nilishaupima, yeye atibu tu.

Asubuhi ya safari nikaamka mapema, nikavaa dera la kazi, nikapiga jeki. Kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, nikawa najisemesha na kujisifu peke yangu. Unafunga nati kwa vidole, unazikaza kidogo na spana gari likiwa juu, unashusha jeki, halafu tairi likishakanyaga chini unapanda juu ya spana na uzito wako wote, nati moja baada ya nyingine. Upande wa kulia nikamaliza. Kushoto mbele nikamaliza. Nikabaki na la kushoto nyuma, nikafunga, nikakaza kidogo, nikashusha jeki, nikachomeka spana kwenye nati ya kwanza, nikanyanyua mguu nikanyage.

"Mwangaluka!"

Shangazi Nyanzobe huyo, getini, ametoka Misungwi na basi la alfajiri, kikapu kichwani.

Sasa ninyi mnaojua Wasukuma mnajua, na msiojua niwaambie. Shangazi wa ukoo hasalimiwi mguu ukiwa juu ya spana. Unaacha ulichoshika hata kama ni moto, unafuta mikono, unampokea mzigo, unapiga goti, na salamu inaanza, na salamu ya shangazi si salamu ya kupishana njiani. Nimeamkaje, mama ameamkaje, magoti ya mama yameamkaje, Masanja, cherehani, majirani wa upande huu, majirani wa upande ule, kisha zamu yangu, nami niulizie mifugo na mihogo na wagonjwa wote wa Misungwi kwa majina. Kila jibu ni "mhola," salama, hata yule mgonjwa ambaye tunajua wote hali yake si salama. Tulipomaliza, kikapu kilitakiwa kiingie ndani, kikapu kikishaingia chai ikamiminwa, na mbele ya chai Shangazi akaiona sketi niliyomshonea kwa ajili ya safari na akataka kuijaribu pale pale, ikambana kiunoni, nikakaa kwenye cherehani yangu ya nyumbani kuiachia.

Nilipotoka nje Mjomba Bundala ameshafika, amevaa koti, anatazama saa yake. Nikaona jeki imeshuka. Nikaona spana iko chini (iliangukia hapo nilipoiachia kwa heshima). Matairi manne yako mahali pake. Nikaokota spana na jeki, nikatupia nyuma ya gari, nikaoga, tukaondoka. Wallahi, jamani, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Tukatoka mjini vizuri, Shangazi mbele na mimi, Mjomba nyuma, kushoto, pamoja na kreti za soda na vitenge vya wakwe. Tulipofika njia ya Usagara nikaongeza mwendo makusudi kumsikilizia mchawi. Sitini, usukani kimya. Sabini, kimya. Themanini, usukani umetulia kama maji ya mtungini! Halafu, taratibu, kitu kikaanza kutetemeka chini ya kiti. Makalioni.

Jamani, nilifurahi. Nilipiga usukani kwa kiganja nikasema, "Nimemkamata!"

"Umemkamata nani?" Shangazi akauliza.

Nikawaeleza somo lote la Fundi Idi, la mikono na makalio, ila nikalieleza kama somo langu. Mjomba akasema hilo ni jambo la kushangaza, mtoto wa kike. Shangazi akasema, "Kwa hiyo gali likitetemeka ndiyo zuli?" Nikamwambia, ndiyo, Shangazi, kwa leo ndiyo vizuri, lingetulia ndiyo ningekuwa na mashaka.

Tukafika Kigongo, tukapanda daraja. Hapa lazima niseme kitu kuhusu Mjomba. Yeye alifanya kazi kwenye pantoni hadi kustaafu, kufunga na kufungua kamba, na hilo daraja ni refu na zuri na kila mtu analisifu, ila Mjomba akivuka juu yake hutazama upande mwingine, kama mtu aliyekutana na mke wa zamani kanisani. Sasa tuko katikati ya daraja, ziwa huku na huku, mtetemo umeongezeka, na sasa una mlio, ngo, ngo, ngo. Nikapunguza mwendo. Ngo, ngo. Haukuisha.

"Ni upepo," Mjomba akasema, na nilimsikia kabisa akifurahi. "Upepo wa ziwa unapiga gari ubavuni. Kwenye pantoni hukuwa unasikia haya. Pantoni linakwenda na ziwa, hili linashindana nalo."

"Upepo unagonga ngo ngo?" Shangazi akasema.

"Upepo wa ziwa unagonga vyovyote unavyotaka."

Na mimi, mwanafunzi wa Fundi Idi, nilikubali! Nilikubali kwa sababu ilinifaa. Mchawi wangu yuko nyuma, upepo uko ubavuni, kila kitu kina maelezo. Tena huwa nafikiri, Mungu anisamehe, kwamba kungekuwa bado na pantoni tungeshuka pale Kigongo kusubiri, Mjomba angelizunguka gari kunyoosha miguu, angeona. Hilo sijawahi kumwambia, maana ataliongelea hadi Pasaka.

Tulipoacha lami baada ya Sengerema ndipo gari likaanza kusema kila kitu kwa sauti. Tunakwenda mwendo wa kupeleka jeneza, kwa mashimo yale, na kiti kinacheza, na nyuma kunalia ngongo, ngongo, kisha kring, kitu kikadondoka mahali. Kisha baadaye kidogo kring nyingine. Nikasema ni mawe yanaruka. Nikaongeza sauti ya redio, kwaya ikajaa gari zima. Shangazi akanyoosha mkono, akaizima.

"Kabula. Simama tuangalie."

"Shangazi, tumechelewa."

Na kweli tulikuwa tumechelewa, kwa sababu ya chai na sketi, na kuchelewa kwenye posa ni aibu yenye faini. Lakini si hiyo iliyonizuia, niwe mkweli. Ningesimama ningelazimika kuchuchumaa mbele yao na kukiri kwamba sijui ninachokitazama, baada ya kuwafundisha njia nzima. Ndani ya kifua changu kulikuwa na sauti ya Idi ikisema simama, shuka, shika tairi kwa mikono yako, nami niliisikia vizuri kabisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa niliuona, nikaufungulia kwaya.

Boma la wakwe liko kwenye mteremko. Barabara inashuka taratibu, inakata kona kushoto, na geti la miti linabaki mbele yako moja kwa moja, liko wazi, na ndani wametundika turubai, watu wamekaa, wanawake wako jikoni upande mmoja. Utaratibu wa pale, Mjomba alikuwa ametukumbusha tangu Busisi, ni kwamba wageni wa posa hawaingii. Wanasimama mbali na geti, msemaji anashuka, anapiga hodi, anaulizwa ninyi ni akina nani, anajibu kwa mafumbo, wanazungushwa, ndipo wanakaribishwa. Ukiingia kabla ya kukaribishwa umewadharau, na mazungumzo yanaanza na wewe umekwishakosa.

Nikakata ile kona kushoto, polepole, kwa adabu zote za duniani. Gari likalala upande wa nyuma, likasema KRAAA, likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka kulima. Na pembeni ya dirisha langu, hapana, pembeni ya dirisha la Mjomba, nikaona kwenye kioo kitu cheusi, cha mviringo, kikitupita.

Niliwahi kufikiri, kwa sekunde ile moja, tairi la nani hilo?

Likashuka mteremko. Halikuwa na haraka, ndicho kilichouma, lilikwenda kama mgeni anayejua njia. Likapita geti katikati kabisa, bila kupiga hodi. Likapita pembeni ya jiko, mama mmoja akainua upande wa kitenge chake kulipisha, mtu akapiga yowe, kuku wakatawanyika (wote wazima, Leticia, wote!), likaingia chini ya turubai kati ya mistari miwili ya wazee, likafika alipokaa Mzee Lubinza, baba yake Leticia, kwenye kiti chake cha miguu mitatu, hapo likaanza kuzunguka pale pale, likizunguka na kushuka, wawawawawa, likalala miguuni pake.

Kimya. Hata mbwa walinyamaza.

Mzee Lubinza ni mtu mrefu, mkavu, hana maneno. Alilitazama tairi. Akaweka mguu juu yake, kana kwamba linaweza kuondoka tena. Kisha akainua macho kuelekea kwetu barabarani na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, lakini kwa kimya kile ilitufikia:

"Mmoja ameshafika. Wengine wako wapi?"

Boma zima lilipasuka kwa kicheko. Wazee waliangua, akina mama walishikana mabega, na kwenye dirisha la nyumba kubwa pazia lilikuwa likitikisika, na najua leo nyuma ya pazia lile alikuwa nani. Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili kama bado tunakwenda. Mjomba Bundala, kwa kuwa upande wake ndio uliokaa chini, alikuwa amelaliwa na kreti ya soda na mlango haufunguki, na mtu yule ana heshima zake, akashusha kioo, akavua kofia na kuanza hotuba yake ya hodi akiwa amelala ubavu. Hakuruka neno hata moja. Shangazi aliketi ameshika kikapu, akanitazama kwa jicho lake lile lisilopepesa, na hilo lilinipata kuliko kicheko cha boma zima.

Vijana wa kiume wa pale wakaja wakalinyanyua gari kwa mikono huku wakiimba. Wakatoa nati moja moja kwenye matairi matatu yaliyobaki wakalifungia lile lililosafiri peke yake, kumbe ndivyo inavyofanywa, na mmoja wao akauliza, bila ubaya, "Hizi nati za huku alizikaza nani?" Ndipo nilipokumbuka. Nilimwona Shangazi getini Igogo, nikaona mguu wangu hewani, nikaona spana ikianguka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Posa ilikubaliwa. Faini ya kuchelewa tukatozwa, na faini ya kuingiza mgeni bila hodi tukatozwa pia, wakicheka, Mjomba akalipa kwa tabasamu la meno ya mbele tu. Lakini mwishoni, watu wanaanza kusimama, Mzee Lubinza akainua mkono.

"Binti nimewapa. Mtu wenu nimesikia habari zake, ni mtulivu. Ila siku ya harusi," akaelekeza kidole nje, "gari lile hapandi. Atatafutiwa jingine."

Wengine walicheka tena. Mimi sikucheka. Nilikaa palepale na sahani ya wali mapajani nikamwona mama kwenye karia ya baiskeli, na machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili. Nyumbani niliporudi mama alinisikiliza hadi mwisho, akacheka hadi akashika magoti yake, kisha akasema, "Basi si neno, mwanangu, cha muhimu afike." Alisema kwa wema, na wema huo ndio uliokuwa ukiniamsha usiku kwa wiki kadhaa.

Harusi ikafika. Gari la kukodi lilikuwa jeupe, linang'aa, limefungwa maua hadi kwenye vioo. Mimi na kigari changu tulipangiwa kubeba masufuria na Shangazi. (Nilikuwa nimeshampelekea Idi muda mrefu, akabalansi matairi yote kwa vile vipande vyake vya risasi vya kuongeza uzito, akanitengenezea na skrubu za tairi zilizokatika siku ile, akanicheka bila kuniongezea bei.) Idi aliniambia nati zilizofunguliwa zikazwe tena baada ya kutembea, nami siku hizo nilikuwa nakaza hata zisizofunguliwa, nikitoka sokoni nakaza, nikitoka kanisani nakaza, watu mtaani walishaanza kunionea huruma.

Basi tukafika bomani asubuhi, safari hii magurudumu manne yamefika pamoja na mimi. Watu wanaingia na kutoka, bibi harusi anavalishwa, dereva wa gari jeupe anapigwa picha. Mimi nikatoa spana, nikafunga khanga juu ya gauni langu la harusi, nikaanza. Kulia mbele. Kulia nyuma. Kushoto mbele. Nikafika kushoto nyuma, nikachomeka spana kwenye nati ya kwanza, nikanyanyua mguu.

Viatu vikasimama pembeni yangu. Vya ngozi, vikubwa, vimepakwa mafuta. Nikainua macho kidogo. Mzee Lubinza.

Huyu sasa si shangazi. Ni baba mkwe wa ndugu yangu, siku ya harusi, kwenye boma lake, mbele ya ukoo wake wote, na mimi ndiye mdogo, mimi ndiye wa kuanza. Nikasikia mazungumzo ya karibu yakikatika. Nikasikia Shangazi Nyanzobe kwa nyuma akinong'ona kwa sauti inayofika Geita, "Kabula! Baba amesimama! Acha hiyo!"

Mguu wangu ulikuwa bado hewani. Nikakanyaga.

Nati ya kwanza. Nikahamisha spana. Nati ya pili. Jasho linanitoka, kilemba kimelegea, mama mmoja akaguna, "Huyu mtoto!" Nati ya tatu. Mzee hakuondoka, hakukohoa, viatu viko palepale. Nikakanyaga ya nne, nikairudia ya kwanza kwa kuhakikisha, nikarudia zote, nikashika tairi kwa mikono miwili na kulitikisa. Halikucheza. Ndipo nikaweka spana chini, nikafuta mikono kwenye khanga na kupiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akalitazama tairi. "Zimekaza?"

"Zimekaza, baba."

Akainama polepole, kwa mgongo wake ule mrefu, akaokota spana, akaichomeka kwenye nati moja, akakanyaga na kiatu chake cha harusi. Haikusogea. Akajaribu nyingine. Haikusogea. Akanirudishia spana mkononi, akageuka kwa vijana waliokuwa wamesimama karibu na gari jeupe.

"Maua hayo yafungueni. Yaleteni huku."

Sitaeleza nilivyoendesha siku ile, maana sikumbuki, nakumbuka tu Leticia nyuma yangu na shela lake limejaa kiti chote, akiniambia, "Wifi, nasikiliza makalioni, kimya," na Mjomba Bundala mbele akilitazama daraja kwa mara ya kwanza uso kwa uso. Mama alikuwa amesimama getini Igogo tangu saa ngapi sijui. Gari lilipoingia hakumkimbilia bibi harusi kwanza, alikuja akaweka kiganja kwenye boneti pale pale alipopapasa siku ile, kisha akafungua mlango wa nyuma akampa mkwewe mkono.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja tu. Ukipita Igogo ukanikuta nimechuchumaa kwenye tairi, uwe mjumbe, uwe padri, uwe Shangazi Nyanzobe mwenyewe na kikapu kichwani, ukanisalimia nikakaa kimya, usiende kusema Kabula ana majivuno. Simama hapohapo. Nitakuitikia nikimaliza nati ya mwisho.